Miaka Minane ya Lonzo Broadnax

Meridian, Mississippi
8 Januari 1949

Kwa mdogo wangu Lonzo,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na vidole vyote kumi, maana kwa mdakaji wa besiboli hiyo ndiyo afya yenyewe. Sisi hapa hatujambo. Mkeo Vernell nilimwona kanisani Jumapili, amenawiri, ila anasema umemwandikia mara moja tu tangu Krismasi na barua yenyewe ilikuwa ya kusifia kamba wa baharini uliokula. Mwandikie mkeo, bwana. Mimi ni shemasi, sio tarishi.

Haya, tuingie kazini. Zimebaki wiki kumi na nne sisi Korongo tufungue msimu, na timu niliyonayo kichwani ni hii. Nathan Quarles ataanza kupiga kama kawaida, kwa sababu ana mbio na haoni haya kupigwa na mpira mgongoni ili mradi afike kituo cha kwanza. Wa pili bado natafuta. Wa tatu wewe. Wa nne Orville Stamps, ambaye amenenepa tangu tuachane Oktoba, na ukimuuliza anasema ni mifupa imepanuka.

Warushaji ndio wananinyima raha. Theotis Mabry ni mkono wa kushoto na ndiye nguzo yetu, hilo halina mjadala. Nyuma yake ni Josephus Crain, na mkono wa Josephus siku hizi hauamki kabla ya saa nane mchana. Halafu yuko mgeni mmoja, Otha Pickens, kutoka kiwanda cha mbao. Lonzo, huyo mtu anarusha mpira wa kasi ambao hujawahi kuuona. Wala yeye mwenyewe hajui unakwenda wapi. Juzi ametoboa paa la choo cha uwanja. Nakuhitaji umfunge kamba kabla hajaua mtu.

Nisikufiche, hali si nzuri. Mwaka jana kuna Jumapili tulicheza mbele ya viti vitupu. Watu wetu wanapanda treni kwenda kuwaona vijana weusi wenzetu wachache waliofunguliwa mlango kwenye ligi ya wazungu. Siwalaumu, hata mimi nasikiliza redioni, na Odessa mke wangu ananizomea kwa jinsi ninavyoipigia redio makofi.

Sasa jambo nililoliweka mwisho makusudi, ili usome na hayo mengine. Unamkumbuka Bwana Dorn, yule mzungu msaka vipaji aliyekaa nyuma ya wavu Agosti nzima na kofia yake ya majani? Ameniandikia. Klabu yake inataka maelezo ya wachezaji wetu wawili. Mmoja ni Theotis. Wa pili ni wewe. Wewe, Lonzo! Mdakaji wao wa akiba ameharibika bega, na wanatafuta mtu aliyekomaa ila asizidi miaka ishirini na minane.

Nimemjibu siku ileile. Umri nimeandika ishirini na saba, kama ulivyo kwenye karatasi za ligi. Unajua mwenyewe kwamba hapa kila mtu ana umri wa mama yake na umri wa mpira, na Mungu anisamehe, maana kalamu niliyotumia ni ya kanisa. Lakini kwa mengine yote sikuhitaji kudanganya hata nukta. Nimekusifu kurasa mbili nzima. Nilipomsomea Odessa, alitoa leso.

Kaka yako,
Ambrose Pettway
Kocha, Korongo wa Meridian


Mazatlán, Meksiko
20 Januari 1949

Kaka Ambrose,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, ya pili nikakaa, ya tatu nikamsomea mama mwenye nyumba, ambaye hajui neno hata moja la lugha yetu, na akalia hata hivyo. Ya nne niliisoma chooni ili nisisumbuliwe. Usimwambie Odessa.

Nianze na timu yako, maana umeikoroga. Orville wa nne? Umelogwa? Orville akitupiwa mpira wa kupinda anaugeukia ukiwa umeshafika kwenye glavu. Mweke wa tano, mimi niweke wa nne. Huku napiga vizuri mara moja katika kila tatu, dhidi ya Wakyuba wanaorusha kwa chuki. Wa pili mpe Josephus siku asizorusha, usicheke, anajua kuugusa mpira kidogo tu Nathan akasogea.

Na mwambie Theotis kwamba anashusha kiwiko kila anapotaka kurusha wa kupinda. Mpigaji yeyote mwenye macho ataliona. Nilimwambia Septemba, akanijibu, "Sawa, mzee." Mwambie mzee ni baba yake. Mimi nina miaka ishirini na saba.

Sasa nisikilize. Don Evaristo, mwenye timu ya hapa, ameniita ofisini. Anataka nibaki miaka miwili, nidake na nifundishe, na Vernell aje, tupewe nyumba yenye ua. Kaka, huku naingia hotelini kwa mlango wa mbele. Wiki ya kwanza nilikuwa nakaa mezani huku nimeshika kofia mkononi, nangoja mtu aje kunitoa. Hakuja mtu. Aliletwa samaki. Ni nyumba nzuri na ni watu wazuri, na ungeniuliza Krismasi ningekwambia ndiyo hata kabla hujamaliza kuuliza.

Lakini nitamwambia hapana. Amenipa hadi tarehe kumi Februari, na siku hiyo nitavaa koti nimwambie hapana kwa adabu. Unajua ninachotaka. Nataka nichuchumae nyuma ya mpigaji kwenye uwanja wao, mara moja, jina langu likiwa limeandikwa kwenye ile karatasi ya wachezaji. Siombi msimu mzima. Siku moja inanitosha, na kama nikikosa mpira na kutolewa mara zote nne, basi nitolewe mimi Lonzo Broadnax, watu waone.

Niandikie mara tu ukisikia neno kwa Dorn. Na nitumie nakala ya ile barua uliyomwandikia. Nataka kumpelekea mama yangu.

Mdogo wako mwenye vidole kumi, tisa vikiwa vimenyooka,
Lonzo


Meridian
4 Februari 1949

Kwa Lonzo,

Salamu nyingi. Mvua imenyesha wiki nzima na uwanja umekuwa bwawa la bata. Tunafanyia mazoezi kwenye ghala la pamba, Otha Pickens anarusha kuelekea ukutani, na mwenye ghala ameshaniuliza mara mbili kama nina bima.

Nimefikiria ulichosema kuhusu Orville, ni kweli, nitamteremsha hadi wa tano. Josephus kupiga wa pili nimecheka, halafu nikajaribu, halafu nikaacha kucheka. Theotis nimemfikishia maneno ya kiwiko. Amekuwa akijitazama kwenye kioo cha dirisha la kinyozi huku akirusha, watu wanadhani amechanganyikiwa, lakini kiwiko kimeanza kukaa juu.

Bwana Dorn amejibu kuhusu Theotis. Wanamtaka akafanyiwe majaribio, ila bado wana maswali. Kuhusu wewe bado wanafikiria.

Lonzo, nimeizungumza na Odessa ile habari ya Don Evaristo. Nyumba yenye ua si jambo dogo. Vernell anapenda bustani. Mtu ukipata mahali unapoheshimika, na watu wanakuletea samaki, sijui kama ni busara kukimbilia kukataa. Wazungu hawa wa kaskazini leo wanataka hiki, kesho kile. Mimi kama kaka yako ningekwambia umwombe Don Evaristo akuongezee siku, au ukubali tu. Sisi hapa tutajikokota. Kijana wa Jackson anayeitwa Whitlow anaweza kudaka, si kama wewe, lakini anaweza.

Nakala ya ile barua sikuiona. Nadhani Odessa aliitupa wakati wa usafi.

Uwe salama,
Ambrose


Mazatlán
15 Februari 1949

Ambrose,

Barua yako imefika jana. Tarehe kumi nilishavaa koti. Nilishasema hapana. Don Evaristo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na kesho yake akampa kazi Mkyuba mmoja aliyekuwa anasubiri mlangoni.

Kwa hiyo nieleze, maana mimi sikuelewi. Mwezi wa kwanza mimi ni wa tatu kwenye timu na huwezi kuishi bila mimi. Mwezi wa pili nikubali bustani na una Whitlow. Whitlow! Yule anayefumba macho mpira ukija chini! Nimekudakia mipira tangu ungali na nywele. Kama umechoka nami, sema. Kama mwenye timu amekwambia uniache kwa sababu nitaondoka kwenda kwa Dorn, sema pia. Lakini usinipangie ua wa maua ukadhani sitauliza.

Na eti Odessa ametupa nakala. Odessa anayetunza hata risiti za sabuni? Shemasi mzima unamsingizia mkeo kwenye karatasi?

Nimeshachoka kungoja. Leo nimemwandikia Dorn mwenyewe, nimempa anwani yangu ya hapa. Nimemwambia mimi ni Lonzo Broadnax, nina miaka ishirini na saba, niko tayari kupanda treni siku yoyote atakayoitaja. Ligi hapa inaisha wiki ijayo. Nitakaa hadi nipate jibu lake.

Lonzo


Meridian
26 Februari 1949

Mdogo wangu,

Odessa hakutupa kitu. Nakala iko mezani mbele yangu na Odessa amesimama nyuma yangu, amesema haondoki mpaka niandike yote.

Jibu la Dorn kuhusu wewe lilikuja tarehe ishirini na saba Januari. Halikuwa la kufikiria. Lilikuwa hapana, na kosa ni langu.

Nilikwambia nilikusifu kurasa mbili. Sasa soma mwenyewe nilichoandika, nakunakilia hapa kama kilivyo:

"Bwana Dorn, nilianza kumrushia Broadnax mpira kiangazi cha 1931, na tangu siku hiyo sijamwona akigeuza uso mpira ukija. Mwaka 1934 kule Jackson mpira ulimvunja kidole cha tatu katika mechi ya asubuhi. Alikifunga pamoja na cha nne kwa utepe, akadaka na mechi ya jioni, na hakuna mpira uliompita. Hakuniambia kwamba kimevunjika mpaka tuko njiani kurudi, tena kwa sababu nilimwomba anishikie chupa akashindwa. Anajua kila mpigaji wa ligi hii anaogopa nini. Warushaji walioshinda wakiwa naye ni wengi, nami ni mmoja wao, na ukituuliza tutakwambia kwamba tulirusha tu pale alipoweka glavu. Katika maisha yangu nimefanya kazi na watu wengi wazuri. Sijafanya kazi na mzuri kuliko yeye."

Na juu kabisa ya karatasi, kwa mwandiko wangu uleule: umri, miaka ishirini na saba.

Sikuhesabu, Lonzo. Naapa sikuhesabu. Nilikuwa nasifu. Mzungu amekaa na kalamu yake akahesabu, akanijibu hivi: "Ikiwa Broadnax ana miaka ishirini na saba, basi alikuwa anadaka mipira yako akiwa na miaka tisa. Nimeona watoto hodari, lakini si kiasi hicho. Tunatafuta mtu mwenye umri mdogo zaidi, na tunatafuta makocha wanaosema kweli."

Nilikaa na barua hiyo wiki nzima. Kila asubuhi nikasema leo namwandikia. Nikajua umepewa mpaka tarehe kumi, nikajua ukweli ungekubakisha Mazatlán, na bado nikaona aibu ikanishinda. Mwishowe nikajaribu kukusukuma ubaki huko bila kukwambia kwa nini. Ningeandika siku ileile nilipopata jibu, leo ungekuwa na nyumba yako. Nimekukosesha mara mbili, mara ya kwanza kwa upendo na mara ya pili kwa woga. Sijui kosa kubwa ni lipi. Odessa anajua, ameshaniambia.

Kuna jambo jingine nalo sitalificha. Dorn anamtaka Theotis, lakini wanachukua vijana wasiozidi miaka ishirini na mmoja tu, wawafundishe wenyewe. Theotis kwenye karatasi ana ishirini. Wewe na mimi tunajua ana ishirini na minne. Neno langu Dorn haliamini tena. Ameniambia atamuuliza mtu mwingine anayemfahamu Theotis, na kwa kuwa umemwandikia, nadhani mtu huyo utakuwa wewe. Sikuombi kitu. Sina uso wa kukuomba. Theotis mwenyewe hajui lolote, bado anajitazama kwenye dirisha la kinyozi.

Nafasi yako hapa ni yako. Whitlow nilimtaja kwa kukosa la kusema.

Ambrose


Kambi ya mazoezi, Florida
5 Machi 1949

Lonzo,

Nimepata barua yako ya Februari 15. Unaniandikia kwamba una miaka ishirini na saba. Kocha wako aliniandikia hivyohivyo, na katika karatasi hiyohiyo akanithibitishia kwamba si kweli. Sina kinyongo na wewe. Nimekuona ukicheza, na ungekuwa kijana ningekuchukua. Kwa sasa suala lako limefungwa.

Nina swali kuhusu Mabry. Pettway ni mtu wa hisia, sitegemei tena alichoandika. Wewe umemdakia Mabry mipira misimu mitatu. Nieleze kweli alizaliwa mwaka gani na umejuaje. Akiwa amezidi miaka ishirini na mmoja, tusipotezeane muda.

Klabu yetu inafikiria kuweka mtu mmoja wa rangi yako huku kusini atusaidie kutazama vijana. Kazi si ya kuchosha. Anahitajika mtu ambaye akiulizwa umri wa mchezaji, anasema umri wa mchezaji. Ukinijibu vizuri nitalikumbuka jina lako.

H. Dorn


Mazatlán
15 Machi 1949

Ambrose,

Barua yako na ya Dorn zimefika siku mbili zilizofuatana. Ya kwako ilikuja kwanza. Siku hiyo nilikuita majina ambayo shemasi hapaswi kuyasikia, kwa sauti, hadi mama mwenye nyumba akaja na chai ya majani gani sijui akanisimamia nikainywa. Sikula jioni ile wala kesho yake. Nilipita mbele ya ile nyumba yenye ua. Mke wa yule Mkyuba ameshaanika nguo.

Nakueleza haya ili usijifanye umesamehewa kila kitu. Kwa zile hesabu mbovu nimekusamehe, maana wewe tangu zamani hujui kuhesabu, ndiyo sababu hatukukuachia kamwe tikiti za basi. Kwa ile wiki uliyokaa kimya, bado. Labda Juni. Usiniulize kabla ya Juni.

Lakini nikwambie na hili. Nilipomaliza kutukana nilirudi nikaisoma ile barua yako ya sifa. Miaka kumi na minane nimecheza, na sikumbuki gazeti lililowahi kuandika jina langu bila kulikosea herufi. Wewe umekumbuka kidole ni cha ngapi. Umekumbuka chupa. Nimejaribu kuichukia barua hiyo kwa sababu imeniharibia, na nimeshindwa. Nimemtumia mama kama nilivyosema. Nimemwambia atafute mtu wa kumsomea polepole.

Jibu kwa Dorn nimelitia posta asubuhi hii. Nakala nimekuwekea humu. Nimelifikiria siku tatu. Ningeweza kumwambia mwaka halisi wa Theotis, nikapata ile kazi ya kukaa nyuma ya wavu na kofia ya majani. Vernell angefurahi, magoti yangu yangefurahi zaidi. Magoti, ndiyo. Sikukwambia. Tangu Krismasi nayafunga bandeji kila mechi, na kuinuka siku nyingine nashika uzio. Kila mtu ana lake alilokuwa analificha kwenye barua hizi.

Kisha nikajiuliza, mzungu ataamini vipi neno langu juu ya Theotis wakati juu yangu mwenyewe nimemdanganya mwezi uliopita tu? Jibu likaja lenyewe. Utaliona. Halikunifurahisha, lakini nilipomaliza kuliandika nililala usingizi mzito, jambo ambalo sijalipata tangu Januari.

Kwa hiyo jiandae, Theotis anaondoka na huna mrushaji wa siku ya ufunguzi. Mpe Otha. Najua, paa la choo, nimesikia. Mwache arushe wa kasi tu, asijaribu kitu kingine, na asitazame uwanja, atazame glavu yangu. Kwa wiki mbili kabla ya msimu niachie mimi asubuhi, wewe usimguse. Josephus aingie akichoka, kama saa nane itakuwa imefika. Orville mrudishe wa nne, hana mwenzake sasa. Mimi niweke wa saba. Usibishane nami kwenye hilo. Mtu mwenye magoti kama yangu akipiga wa nne, walio nyuma yake wanakaa kumsubiri akimbie.

Treni yangu inafika tarehe mbili Aprili. Mwambie Vernell nimemwandikia, na safari hii hakuna kamba ndani.

Isome hiyo nakala ukiwa umekaa.

Lonzo


[Nakala]

Mazatlán
15 Machi 1949

Kwa Bwana H. Dorn,

Umeniuliza Theotis Mabry alizaliwa mwaka gani na nimejuaje. Alizaliwa Novemba 1928, kule Greenville. Nimejua kutoka kwa mama yake, ambaye ametupikia kambare na mkate wa mahindi kila tulipopita mji huo. Husimulia kwamba mto ulibomoa kingo majira ya kuchipua ya 1927, wakahama na ng'ombe mmoja, na mwaka uliofuata wakarudi, na Theotis akazaliwa huku tope la mafuriko bado liko ukutani, juu zaidi ya mlango. Hesabu mwenyewe. Ana miaka ishirini. Kiwiko chake alikuwa anakishusha, sasa hakishuki.

Sasa kuhusu mimi. Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba nina miaka ishirini na saba. Nilikudanganya. Nilizaliwa Februari 1914. Hukuniuliza tena, na suala langu umelifunga, kwa hiyo silisemi ili nipate kitu. Ile kazi uliyoitaja mpe mtu mwingine, mimi nina timu.

Nalisema kwa sababu umeandika kwamba barua ya Pettway huitegemei. Itegemee. Namba moja tu ndiyo ya uongo mle, na niliitunga mimi, yeye aliinakili kwa kunipenda. Mengine yote ni kweli. Mwaka 1931 nilikuwa nyuma ya mpigaji, nina miaka kumi na saba. Mwaka 1934 kidole kilivunjika Jackson, na nikadaka mechi ya jioni. Nikisema nina ishirini na saba, inabidi niseme kwamba hayo hayakutokea, au alikuwepo mtu mwingine. Hakuwepo mtu mwingine.

Umesema ningekuwa kijana ungenichukua. Mwaka 1941 nilikuwa na miaka ishirini na saba kwelikweli. Nilidaka mechi tisini na mbili mwaka ule, na magoti yangu yalikuwa mazima. Hakuna klabu yenu hata moja iliyoandika kuniuliza umri.

Lonzo Broadnax
Mdakaji, Korongo wa Meridian
Umri: miaka thelathini na mitano